Dakika Thelathini na Tano hadi Lindi

Ukitaka kumkasirisha Klementi, mwite mchunga ndege. Alikuwa mtumishi wa serikali, bwana, mwenye kofia na barua ya ajira, na kiwanja cha ndege cha Kilwa Masoko kilikuwa mikononi mwake: kufyeka majani, kufukuza mbuzi, kufukia mashimo ya ngiri, na siku ya ndege kuwasha moshi. Ndege yenyewe ilikuwa moja kwa wiki. Kila Jumanne ilitoka Dar es Salaam kwenda Lindi, na Kilwa ilitua njiani. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili, Mwingereza bado yuko bomani na wala hana dalili ya kufunga mizigo.

Njia ya Lindi Klementi aliijua kwa nyayo zake. Kabla ya ndege alikuwa tarishi, mbeba barua, gunia kichwani na fimbo mkononi, siku tano za kwenda na tano za kurudi. Mto Mbwemkuru ukijaa, hesabu siku saba au nane. Siku alipoajiriwa kiwanjani, Mzungu wa kazi za ujenzi alimwambia kwamba kutoka hapo hadi Lindi ndege inatumia dakika thelathini na tano. Klementi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza, na siku nzima hakusema tena na mtu.

Alikuwa na sababu. Miaka ishirini na moja nyuma mkewe, Lusia, alishikwa na uchungu kule kijijini kwao Kikole wakati yeye yuko Lindi anakabidhi gunia. Lusia akafa, mtoto akapona. Klementi alirudi akipiga mluzi, kitenge kipya kwapani, akakuta udongo wa kaburi umeshakauka. Mtoto ndiye Apolonia, na tangu hapo Klementi alikuwa baba na mama.

Sasa Apolonia alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mimba ya kwanza mwanamke hurudi kujifungulia kwao, ndivyo ilivyo, na mumewe, Romani, alikuwa Tanga anakata mkonge. Kwao ni wapi kama si kwa baba? Basi akateremka kutoka Kikole, alikoolewa, na kikapu chake, akaingia katika kile kijumba cha makuti pembeni mwa kiwanja, chumba kimoja na jiko, akamwambia baba yake apishe kitanda. Klementi akahamia barazani, na furaha yake ilikuwa haifichiki. Alimkunia nazi mwenyewe, akamchotea maji mwenyewe, na wanaume wenzake wakimcheka aliwatukana vizuri tu.

Uchungu ulimshika Apolonia Jumapili asubuhi. Klementi akamwita Bi Kijakazi, mkunga wa mjini, mama wa Kiislamu wa Kilwa kindakindaki, mwembamba, mkali, aliyekwisha kupokea nusu ya watoto wa Masoko. Jumapili ikapita. Jumatatu ikapita. Mganga wa dispensari akaja, akapima, akatikisa kichwa. Mtoto amekaa vibaya, alisema, na hapa hakuna kisu wala mtu wa kukishika. Apasuliwe hospitali, na hospitali yenye daktari wa kupasua ni Lindi.

Lindi! Masika yalikuwa yamepamba moto, Mbwemkuru umekula daraja, na barabara ya gari ilikuwa imefungwa tangu wiki mbili. Kwa machela ni siku sita, labda saba. Bi Kijakazi alimtazama Klementi usoni akasema, "Siku sita hana huyu. Hata siku mbili hana."

"Kesho Jumanne," Klementi akajibu.

Hilo tu ndilo walilokuwa nalo. Abilahi, karani wa simu pale posta, alipeleka habari Dar es Salaam jioni ile ile: Kilwa kuna mgonjwa mahututi, rubani atue. Jibu likaja kwamba atatua, lakini kwa sharti lile lile la siku zote. Asipoona moshi, hashuki.

Nikueleze habari ya moshi, maana watu waliidhania mchezo. Wakati wa masika wingu hukaa chini, na rubani anayetoka baharini haoni kiwanja, haoni hata ule mfuko wa upepo uliofungwa juu ya mlingoti. Moshi mweupe ukipanda mnene anajua mambo matatu kwa mara moja: kiwanja kiko hapa, upepo unatoka kule, na ardhi inabeba magurudumu. Moshi usipoonekana, huzunguka mara mbili, mara ya tatu akikuonea huruma sana, halafu huyoo, Lindi. Mafuta ya ndege hayachezewi.

Moshi huo Klementi aliufanya kwa makumbi ya nazi makavu na majani mabichi juu yake. Kazi ilikuwa ni kuuwasha kwa wakati wake. Ukiwahi, unakwisha kabla ndege haijafika. Ukichelewa, ndege inapita unapuliza bado. Walikuwa wamempa saa ya mezani, lakini hewa ya chumvi iliila ndani ya miezi mitatu, na Klementi hakuililia. Alikuwa na saa yake nyingine. Alikuwa na rozari.

Usicheke. Ndege ikiruka Dar es Salaam, karani wa huko hupiga simu, na Abilahi hupanda baiskeli kuja kiwanjani kupiga kelele, "Imeruka!" Kisha hurudi mbio kwenye mashine yake. Kutoka hapo ndege ina saa moja na robo angani. Klementi huketi kwenye kigogo, huvua kofia, huanza rozari nzima: matendo ya furaha, ya uchungu, ya utukufu, Salamu Maria mia na hamsini, polepole kama padre wa misheni alivyomfundisha, na pumzi katikati. Akimaliza imetimia saa moja kamili. Anawasha. Moshi unasimama, na dakika kumi baadaye, kwa kuwa tano zimeliwa na baiskeli ya Abilahi, ndege inanguruma. Miaka minne alifanya hivyo na hakukosea hata Jumanne moja. Abilahi alikuwa na saa ya mkononi, alimpima mara nyingi kwa ubishi, na kila mara alirudi akicheka na kutikisa kichwa. "Mzee Klementi," alimwambia siku moja, "wewe si mtu, wewe ni posta."

Basi Jumanne ile kulikucha na manyunyu. Apolonia hakupiga tena kelele, na hilo lilimtisha Klementi kuliko kelele. Alichungulia mlangoni akaona uso wake umekuwa wa rangi ya majivu na midomo imepasuka. "Baba," alisema, "ndege bado?" "Iko njiani, mwanangu." Haikuwa njiani. Ilikuwa haijaruka, na Klementi alijisikia mwongo mpaka kwenye magoti.

Makumbi makavu yalibaki lundo moja tu. Mengine yote yalikwisha siku zile mbili kwa kuchemsha maji ya mkunga. Lundo moja linatosha, alijiambia, kama kila kitu kitakwenda sawa.

Saa mbili na dakika tano Abilahi akaja, tope mpaka mgongoni. "Imeruka, Mzee Klementi! Saa mbili kamili imeruka!" Akageuza baiskeli, kwa kuwa simu nyingine ya bomani ilikuwa inamngoja mashineni.

Klementi akaketi kwenye kigogo, akavua kofia, akaanza. Salamu Maria, umejaa neema. Nyuma yake, ndani ya kijumba, alisikia Apolonia anaguna, sauti ndogo ya mtu aliyeishiwa. Salamu Maria. Salamu Maria. Vidole vyake vilisukuma punje kama mtu anayepukuchua mahindi jioni ya njaa. Pumzi ya katikati alisahau. Kituo alisahau. Alikuwa haombi tena, alikuwa anamvuta mtu mkono: njoo, njoo, njoo upesi. Matendo ya furaha yakapita, ya uchungu yakapita, ya utukufu yakapita, na kama ungemuuliza angeapa mbele ya askofu kwamba ilikuwa rozari ile ile ya kila Jumanne.

Akawasha.

Moshi ukapanda mzuri. Klementi akasimama kando yake, uso juu, akitega sikio kaskazini. Hakuna kitu. Akaongeza majani. Hakuna kitu. Makumbi yakaanza kuwa mekundu tumboni, manyunyu yakazidi, na moshi ukapungua unene, ukawa kama wa jiko la mtu mmoja. Bado hakuna kitu! Imeanguka? Imepotea? Imetupita juu ya wingu, tusisikie?

Ndipo akamwona Abilahi anakuja, hakai kwenye kiti cha baiskeli, anakanyaga kwa kusimama. Alikuwa ameuona moshi kupitia dirisha la posta, lakini simu ya bomani ilimshika asiweze kunyanyuka.

"Mzee Klementi! Mbona umewasha?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini? Tazama!" Akamsogezea saa ya mkono puani. "Ndege bado dakika kumi. Umewasha nusu saa nzima kabla ya wakati! Umeisoma mbio, mzee. Umeisoma mbio!"

Klementi alitazama ule mkono wa saa, akatazama lundo lake. Lilikuwa limebomoka, majivu na makaa machache yanayolia kwa manyunyu. Akajua. Nakwambia, alijua yote kwa mara moja. Hakuna kumbi kavu. Minazi yote inachuruzika maji. Mjini ni maili moja kwa njia ya tope, kwenda na kurudi si dakika kumi. Amemwua binti yake kwa kumwombea.

"Ee Mungu wangu," alisema, "nimefanya nini?"

"Mafuta ya taa?" Abilahi akauliza.

"Hayafiki hata kibaba. Ni ya kwenye taa tu."

Kisha Klementi akageuka, na macho yake yakaangukia kitu pekee kikavu kilichokuwapo katika kiwanja chote. Makuti ya paa lake. Juu yalikuwa yameloa, ndiyo, lakini tabaka la ndani lilikuwa kavu kama biskuti, jeusi kwa moshi wa jiko wa miaka minne. Na chini ya paa lile alilala Apolonia.

Hakuuliza mtu. Alikimbia, akaparamia ukuta, akaingiza mikono yote miwili na kuvuta. Kamba zikakatika. Manyunyu yakaingia ndani.

Bi Kijakazi akatoka na mikono yenye damu. "Klementi! Umepagawa? Unamnyeshea mtoto wako mvua?"

"Moshi umekwisha, Bi Kijakazi! Nimewasha mapema mno! Ndege inapita!"

Bibi yule alimtazama. Alirudi ndani, akavua kanga yake ya juu na kumfunika Apolonia, kisha akainama juu yake, mgongo wake ukawa paa. "Haya," alisema kutoka chini ya mvua, "toa lote. Usibakize."

Klementi alivuta, Abilahi akabeba. Mafungu kwa mafungu waliyatupa juu ya makaa, wakamimina na yale mafuta kidogo ya taa. Yakashika. Moto ukapanda, si moshi, moto mtupu, na Abilahi akavua shati lake akawa analichovya kwenye dimbwi ili aufunike, huku Klementi akitupia majani mabichi juu. Hapo wakasikia mngurumo.

Ulitoka baharini, juu kabisa, ndani ya wingu. Ukapita juu ya vichwa vyao bila kuonekana. Ukafifia kusini.

"Anazunguka," alisema Abilahi. "Ya kwanza hiyo."

Moshi ulikuwa mweusi, mwembamba, unalala na upepo. Klementi akarudi ukutani. Alivuta mpaka kucha zikang'oka mbili, na hakusikia. Ndege ikapita mara ya pili, sasa chini kidogo, wakaona tumbo lake mara moja na likamezwa tena. "Niko hapa!" Klementi alipiga kelele, mtu mzima wa miaka hamsini, akirukaruka kwenye tope. "Niko hapa, mwana wewe, niko hapa!" Moshi mweupe ukaanza kutoka, mzito, unanuka jiko. Ukasimama. Ukapanda. Mngurumo ukaenda mbali sana, kusini, kuelekea Lindi, na Klementi akapiga magoti.

Ulipita muda ambao hata Abilahi na saa yake hakuweza kuupima, kwa sababu alisahau kutazama. Kisha ukarudi. Ndege ikatoka chini ya wingu upande wa pili, mabawa yake mawili yamepangana juu na chini, ikagusa majani, ikaruka, ikagusa tena, ikaja ikitapanya tope mpaka mbele yao.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Rubani, Mzungu kijana mwenye masharubu haba, alisema ana dakika tano na nafasi ya machela na ya mtu mmoja wa kumshika mgonjwa, basi. Klementi alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Bi Kijakazi akamshika bega akamrudisha chini. "Wewe utamfanyia nini angani? Utamsomea?" Mama yule alikuwa hajawahi kupanda hata lori. Akasema bismillahi kwa sauti, akaingia na kanga zilizoloa, na mlango ukafungwa. Apolonia alikuwa amefumba macho wakati wanamwinua. Hakumuaga baba yake.

Klementi alibaki katika kijumba kisicho na paa. Dakika thelathini na tano, alijiambia. Nilizitembea siku tano. Akajaribu kushika rozari, mkono ukakataa.

Simu ya kwanza ilikuja mchana: ndege imefika Lindi. Simu ya pili ilikuja asubuhi ya pili, na Abilahi aliileta kwa miguu, akikokota baiskeli. Apolonia amepasuliwa, yu hai. Mtoto hakupona.

Klementi alisema ahsante. Akashukuru Mungu mbele ya watu kwa uhai wa mwanawe, kama inavyopasa. Lakini moyoni alikuwa na hesabu, na hesabu ile ilimla wiki tano nzima. Rubani alizunguka mara mbili, akaenda, akarudi. Ile ni robo saa. Kama moshi ungesimama kwa wakati wake, ndege ingetua mara moja, na robo saa ile mtoto angekuwa nayo. Mimi, alijiambia, mimi na haraka yangu. Alifyeka majani, alifukuza mbuzi, aliezeka paa upya kwa msaada wa Abilahi. Jumanne moshi aliuwasha kwa saa ya mkononi aliyoazimwa. Kanisani alikaa nyuma, mdomo umefungwa. Watu walidhani ni msiba tu.

Maji ya Mbwemkuru yalipopungua, lori lilimleta Apolonia, na Bi Kijakazi kando yake. Mama yule alikuwa amekataa kumwacha mgonjwa wake, akakaa Lindi kwa jamaa zake siku zote hizo. Apolonia alikuwa amekonda, anatembea ameshika tumbo. Alipiga goti. "Shikamoo, baba." Klementi alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamshika tu, mpaka Bi Kijakazi akasema mgonjwa akalazwe.

Alipokwisha kulala, Klementi akamfuata yule mama barazani. Hakuwa na maneno ya kuzungukia.

"Bi Kijakazi, nimemwua mjukuu wangu. Robo saa niliyoipoteza. Nilisoma mbio."

Bi Kijakazi alikuwa anafunga kanga kiunoni ajiandae kwenda kwake. Akaacha.

"Mtoto alikufa Jumatatu," alisema.

"Jumatatu ipi?"

"Hiyo hiyo, Klementi, jua linazama. Nilimgusa kwa mkono huu, nikajua. Ndege ilikuwa bado iko Dar es Salaam na rubani wake anakunywa chai."

Klementi alimkazia macho. "Ukaninyamazia? Nikavunja nyumba, nikalia kama mwehu kwenye tope, wewe unajua?"

"Nikwambie nini? Mwanao yule angejua kwa uso wako, na alikuwa anashikilia roho kwa ajili ya huyo mtoto. Angeiachia. Mimi nilikuwa natafuta mmoja abaki. Nikinyamaza, labda anabaki." Mama yule akaketi chini. "Daktari wa Lindi alisema angechelewa saa moja tu, basi. Ungekuwa na makaburi mawili. Wewe umemfikisha Lindi akiwa hai. Sasa nitukane, nimekaa hapa."

Klementi alitaka kumtukana kweli. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kilio, cha Lusia na cha yule mjukuu asiyepata hata jina, vyote pamoja. Alilia kwa sauti, na Bi Kijakazi akakaa kando yake bila kumnyamazisha.

"Baba?" Apolonia aliita kutoka ndani. "Mnalilia nini huko? Mimi nina njaa."

Klementi akajifuta uso kwa kofia ya serikali.

"Nakuja, mwanangu," alisema, akaenda kukuna nazi.